Nukta Zilizopanda kwenye Barabara ya Kasindi

Mpendwa Yaya Musa, kaka yangu mkubwa,

Nakuandikia bila kujua kama namwandikia mtu aliye hai. Lori lako lilikutwa limeungua kwenye barabara ya Kasindi, wewe hukukutwa. Kazi ya redio imenizoesha kuanza na ninachokijua.

Ninajua kwamba Jumapili ile ulikuja kwangu hapa Beni, ukavua viatu mlangoni, ukaomba chai, kisha ukainama juu ya karatasi yangu ya miraba.

"Mudogo, hii ni nini? Umeanza kushona bitambaa?"

Nikakueleza. Kila nukta ni juma moja. Kadiri inavyokwenda kulia, ndivyo jeep za askari zilivyokuwa nyingi katika msafara wa malori juma hilo. Kadiri inavyopanda, ndivyo barabara ilivyoshambuliwa mara nyingi. Ulizifuata kwa kidole, ukazielewa haraka kuliko wenzangu wa darasa la takwimu kule Butembo, ambao walitaka kuziunganisha zote kwa mstari.

"Zinapanda," ulisema. "Jeep mingi, vita mingi. Donc askari benyewe njo banaleta shida."

"Ni uhusiano wa nguvu kabisa," nilikujibu, kana kwamba nakubali kuwa askari ndio wanaoleta shida.

Nilikuwa nikijivunia nukta zangu. Sentensi ya pili, ile ambayo mwalimu wetu aliidai kabla ya kutoa alama yoyote, nilikuwa nayo mdomoni: vitu viwili vinaweza kupanda pamoja kwa sababu ya kitu cha tatu. Simu kutoka bureau ya redio ikalia, nikatoka kuipokea. Niliporudi ulikuwa umeshaipiga picha karatasi na viatu viko miguuni.

Ninyi madereva mlikuwa na desturi ya kuhesabu jeep asubuhi kwenye parking. Zikiwa nyingi, baadhi yenu mlichomoka kwenye foleni mkangoja kwenda peke yenu. Mlibishana juu ya hilo kila mara. Sasa ulikuwa na karatasi ya mtu aliyesoma. Jumanne jeep zilikuwa nyingi, ukachomoka. Jumatano ukaondoka peke yako. Jioni wifi aliniuliza kama redioni tumesikia lolote. Tulikuwa tumesikia.

Picha ulikuwa umeshawatumia wenzako kwenye WhatsApp, pamoja na sauti yako: "Mudogo wangu wa radio njo alichora." Hadi leo hutumwa upya kila jeep zinapoongezeka. Juma lililopita ilinifikia mimi mwenyewe, asubuhi ambayo watu wa vijiji vya kando ya barabara walikuwa wameanza kuhama. Nikaenda parking.

Foleni ilikuwa inavunjika. Papa Kambale, aliyezoea kuegesha karibu nawe, alikuwa ameshawasha injini. Nikamwomba mama anayeuza vinywaji vifuniko vya chupa, nikavipanga chini kama zilivyokaa nukta zangu. Madereva wakasogea.

"Madame wa radio, leo unauza bifuniko? Mushahara haitoshi?"

Nikawaacha wacheke. Vifuniko vyekundu, niliwaambia, ni majuma ambayo wanakijiji walikuwa wamekwisha kukimbia kabla msafara haujatoka. Vyeupe ni majuma matulivu. Vyekundu vilijaa juu, upande wa kulia: hatari iliyojulikana mapema ndiyo iliyoleta jeep nyingi. Kisha nikaondoa vyeupe. Katika vyekundu vilivyobaki, kadiri jeep zilivyoongezeka, vifuniko vilishuka, yaani mashambulizi yalipungua. Nikarudisha vyeupe na kuondoa vyekundu: vilevile. Sikuwaahidi usalama. Majuma ni machache, na nukta haimlindi mtu. Niliwaambia tu kwamba picha wanayotumiana haisemi wanachodhani inasema.

Papa Kambale alikuwa ameteremka, amechuchumaa mbele ya vifuniko.

"Na Musa, ulimuelezaka hii?"

"Hapana, Papa. Nilimuelezaka nusu."

"Mais ulikuwa unaijua yote."

"Nilikuwa ninaijua."

Papa Kambale alinitazama, akapanda garini, nami nikangoja aondoke. Alizima injini, akawapungia wenzake warudi kwenye foleni. Si wote waliorudi. Malori matatu yalitangulia bila msafara. Nilibaki parking mpaka habari ilipofika kutoka Kasindi: wote wamefika salama, wa msafara na wale watatu pia.

Nilishukuru. Lakini jioni hiyohiyo picha ilianza kutumwa tena, safari hii na maneno ya mmoja wa wale watatu: "Munaona? Musa alisema kweli." Siku moja njema haithibitishi kitu, kama vile siku moja mbaya isivyothibitisha, na hilo halielezeki kwa maneno machache kwenye simu.

Kwa hiyo kesho asubuhi nitalieleza hewani, kwa urefu wake. Nitasema ni mimi niliyechora, na ni mimi niliyekujibu vile. Mhariri angependa niache sehemu hiyo ya mwisho. Sitaiacha, maana wanaiamini karatasi kwa sababu ni ya mudogo wako.

Kaa salama, Yaya, popote ulipo. Kama kuna redio karibu, iwashe. Mara hii nitamaliza.

Mudogo wako