Karatasi za Getini

Jumanne. Mvua nyembamba tangu alfajiri, na kuta za chumba changu hapa Xiaobei, China, zinatoka jasho kama kila mwaka majira haya. Nilitakiwa niwe soko la nguo la Shahe nachagua suruali. Nimekaa tu juu ya belo la nguo.

Naogopa. Nimeona nianze na hilo.

Jana Mama alinipigia akiwa na furaha. Anaishi peke yake nyumbani Tanzania, kwenye nyumba niliyomjengea kwa biashara ya nguo za hapa, chumba kwa chumba, miaka tisa. Alikuwa amepata mgeni, baba mmoja mstaarabu sana, aliyeisifia nyumba akaomba kuiona. Mama akamtembeza mpaka jikoni, kisha akampa chai.

"Kaipima na sebule kwa hatua, Pendo. Ameipenda kweli."

Mtu hapimi sebule ya watu bure. Nikampigia jirani yetu, Mama Neema. Akasema alidhani najua. Nyumba imetangazwa kupigwa mnada na manispaa, wiki hii hii, siku yenyewe haikumbuki.

Ni mambo ya mtaro. Manispaa ilijenga mtaro na kuweka lami mtaani kwetu, ikaamua kila mwenye nyumba achangie kulingana na urefu wa kiwanja chake barabarani. Mimi mdomo ninao. Nilibishana kwenye kundi la mtaa la simu, kwamba maji yanatoka kwa watu wa juu, mama yangu ayalipie kwa nini, kisha nikajitoa kwenye kundi kwa hasira. Pesa nilikuwa nayo. Kilichonizuia ni kiburi tu.

Asiyelipa hubandikiwa karatasi getini. Ya kwanza inamkumbusha, ya pili inamwonya, ya tatu inasema mahakama imeruhusu nyumba iuzwe. Ikishabandikwa, inahesabika umeipata, hata kama uko China.

Leo saa tano, kwao ndiyo kwanza kunakucha, nikamuuliza Mama kwa kuzungukazunguka kama ameona karatasi zozote getini.

"Si uliniambia nibandue?"

Nilimwambia kweli. Geti lilikuwa limejaa matangazo ya waganga na ya mikopo ya chapuchapu, nikamwagiza: chochote kikibandikwa, bandua, usijisumbue kusoma. Amebandua zote. Amewashia jiko la mkaa.

Nilicheka peke yangu chumbani, kicheko kibaya. Halafu nikalia.

Bosi wa duka la Shahe ameshatuma ujumbe mara tatu. Ananiita laoban, tajiri, anauliza kama mzigo nauchukua au ampe mwingine. Sijamjibu. Tajiri gani anayekaribia kuuziwa nyumba ya mama yake kwa sababu ya mtaro.

Saa saba mchana, nyumbani saa mbili asubuhi, ofisi za manispaa zikafunguliwa nikapiga. Dada aliyepokea alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionimaliza. Mnada ni keshokutwa. Naweza kulipa kabla haujaanza, lakini lazima ndugu afike leo na kitambulisho, ili jalada lirudishwe kutoka kwa dalali. Na pale mjini ndugu ninaye mmoja tu, Mama.

Nilikuwa nimepanga kumficha. Nikampigia nikamwambia yote, mtaro, ubishi wangu, na kwamba kosa la kubandua ni langu, si lake. Hakunigombeza.

"Kwa hiyo yule baba alikuja kununua," akasema. "Na mimi nikamwambia paa halivuji."

Sijawahi kusikia sauti ya mama yangu ikiwa ndogo vile. Akauliza ofisi iko ghorofa ya ngapi, akasema ngoja avae.

Sasa ni saa kumi. Kwao ni saa tano asubuhi, na kutoka nyumbani mpaka manispaa si mbali. Nimepiga mara nne, simu inaita tu. Labda iko ndani ya mkoba. Labda yuko kwenye foleni na ameona aibu kuongea mbele za watu.

Wakimwambia amechelewa, atanipigia aniambie, au atarudi nyumbani aanze kufungasha vyombo kimya kimya?