Mama Redio na Nyaya Zake Kumi na Nane

Ni mwaka mmoja sasa, Mama, na umekwenda mbio kuliko tulivyopenda, tangu ulipotutoka Jumapili ile asubuhi, miwani yako ikiwa bado juu ya meza ya kazi.

Miaka thelathini na moja ulitengeneza redio za watu katika chumba cha mbele, na Baba akishona nguo upande wa pili wa pazia. Hukuwahi kumwambia mtu redio yake imekufa, ulisema imechoka. Ile ya jirani yetu asiyeona uliifungua mara tisa, na kila mara ukamwambia ni waya tu umelegea, aende zake kwa amani. Lakini ole wake aliyeweka kikombe cha chai juu ya meza yako! Angesemwa mpaka akumbuke siku aliyozaliwa.

Na kompyuta yako ile. Uliipata ungali msichana, vipande vitupu ndani ya boksi, ukaiunganisha kwa mikono yako: kibao kimoja, vitufe, na taa sita za namba. Ilifanya kazi miaka minne, ikanyamaza. Kijitabu cha maelekezo kilipotea tulipohama nyumba, na kila fundi uliyemwandikia alijibu kwamba hana.

Ulipostaafu ukaifungua upya. Nyaya zilikuwa kumi na nane, zote za kijivu, zimefanana kama mapacha. Miaka miwili ulifuata mmoja mmoja kwa mita ya kupimia umeme. Ukishajua waya unatoka wapi na unakwenda wapi, ulivuka pazia kumwomba Baba uzi wa rangi mpya, ukafunga kipande kwenye waya na kipande kwenye tundu lake. Tulikusihi uandike kwenye daftari. Ukatujibu, "Karatasi ilishanikimbia mara moja. Uzi nikiufunga, umefungika." Hatimaye ukazing'oa nyaya zote ili usafishe kutu, Jumatatu uanze kuzirudisha kwa lehemu. Jumatatu haikukukuta.

Siku ya msiba watu walikuwa wengi, Baba akaambiwa apange meza yako. Wewe unamjua mumeo. Fundi cherehani akiona uzi unaning'inia, mkono unakwenda kwenye mkasi wenyewe. Alikata nyuzi zote, moja baada ya nyingine, kwa upole, ili kazi yako ionekane nadhifu mbele ya wageni. Kifungua mimba wako alimkuta akizifagia. Alipomweleza zilikuwa nini, Baba aliketi chini sakafuni na ufagio wake.

"Nimemzika mara mbili," alisema.

Miezi minne hakugusa cherehani. Wateja walikuja kimyakimya wakachukua vitambaa vyao, naye akawa hakatizi upande wako wa pazia. Akitaka kutoka nje anazungukia jikoni.

Kifungua mimba alikuwa amekuahidi kitandani, usiku wa kuamkia Jumapili ile, kwamba mashine itawaka kabla ya mwaka kwisha. Alijaribu, akaogopa. Waya wa umeme ukiingia tundu lisilo lake, chipu inaungua, na chipu ile haipatikani tena popote. Basi siku moja, kwa kukata tamaa tu, alimpelekea Baba kibao akamwonyesha unyuzi mdogo uliobaki ndani ya tundu. Akamuuliza hiyo rangi inaitwaje.

Baba aliusogeza kwenye mwanga. Akasema ni damu ya mzee, na kwamba uliuchukua siku ya mashati ya kwaya, ukamwambia huo ndio unaopeleka umeme kwenye taa za namba, tundu la tatu kutoka pembeni. Kisha akajishtukia. Baadaye akasema: kaki, wiki ya sare za shule, kitufe cha kufuta. Zambarau, gauni la yule mkunga aliyenenepa kati ya kupimwa na kukabidhiwa, kitufe cha saba.

Mama, ulimlaumu maisha yako yote kwamba ukimwambia neno linaingia sikio hili linatokea lile. Kumbe yalikuwa yamekaa. Nguo kwa nguo, alizitaja nyaya kumi na saba, na kila mmoja kifungua mimba aliuthibitisha kwa mita yako kabla ya kuugusa kwa moto.

Jumamosi iliyopita tuliiwasha. Sufuri sita, nyekundu. Hakuna aliyepiga makofi. Kitinda mimba alilia waziwazi na wala hakujificha. Baba akavuta kiti, akabonyeza vitufe kimoja kimoja, na kila kimoja kikaleta namba yake, isipokuwa cha pembeni kabisa. Ndiyo ule waya wa kumi na nane, wenye uzi wa rangi ya maziwa. Aliacha kidole chake pale.

"Siku hiyo nilikuwa nakata suti ya bwana harusi," alisema. "Nikamwambia asubiri. Akasema hamna shida, ataniambia baadaye."

Kibao kina matundu mengi kuliko nyaya; yaliyobaki wazi ni saba, na hatutabahatisha. Tumeuacha hivyohivyo, Mama. Utuwie radhi.

Baba ameanza kushona tena. Lakini siku hizi yeyote kati yetu akiingia na neno, hata la bei ya nyanya, anaondoa mguu kwenye cherehani, anaweka kitambaa chini, anageuka na kiti chake, na anasikiliza mpaka tumalize.

Unakumbukwa na mumeo, fundi cherehani. Kifungua mimba wako na mumewe. Kitinda mimba wako. Mdogo wako mwalimu. Wajukuu zako watatu. Na jirani yetu, ambaye redio yake imechoka tena na hataki iguswe na mtu mwingine.

Maadamu tungali hai, Mama Redio, tutakukumbuka.