Akiba ya Inchi Mbili na Nusu

Dada Mwende,

Nilikupoteza Agosti ya 1996, Jumamosi, saa nne kasoro robo asubuhi, chumbani kwa Mama pale Makadara, zipu ya gauni lako la harusi ilipokataa kupanda. Leo ni miaka miwili na miezi mitatu. Nimekuandikia barua tatu huko Njiru, zote zimerudi gundi haijaguswa. Basi hii nimeiacha wazi. Nimewaomba kina mama wa kanisa waichapishe kwenye jarida lao, maana hilo najua unalisoma lote, mpaka matangazo ya keki.

Usiogope. Namba ya kiuno chako siiandiki hapa.

Unakumbuka siku nilipokupima? Ulisimama juu ya stuli, mikono juu kama mtu anayeporwa, ukabana pumzi mpaka macho yakakutoka. Nikakuambia, "Pumua, Dada, ni mimi tu." Ukapumua, nikasoma tepu, nawe ukasema, "Toa inchi nne."

"Tepu haijasema hivyo."

"Kwani inayoolewa ni tepu? Toa nne, andika. Wiki sita nitakuwa nimefika. Na usiniachie akiba, Mumbua. Ukiniachia nitazembea."

Kwa wasiojua kushona, akiba ni kile kitambaa fundi anachokiacha ndani ya mshono, ili mwenye nguo akibadilika aongezewe bila mtu kujua. Mimi huacha inchi moja na robo kila ubavu. Wateja wengi wamenikataza, hasa maharusi. Nawaitikia, kisha naiacha vilevile. Katika miaka kumi na moja ya kushona, wewe ndiye wa kwanza kutiiwa.

Na hapa ndipo nami nina langu. Jumanne ya wiki hiyohiyo nilikuwa nimekuonyesha daftari langu jipya. Nilikuwa nimejiandikisha masomo ya jioni, nifanye mtihani wa kidato cha nne nikiwa na miaka thelathini na moja. Ulicheka mpaka ukashika meza. "Ukae dawati moja na watoto wa watu, unatafuta nini? Fundi ni fundi. Si ujikubali tu!" Wewe, uliyekuwa ukikimbia kila alfajiri kuzunguka uwanja wa shule na kula kabichi isiyo na chumvi, ndiye uliyeniambia mimi nijikubali. Siku mbili baada ya kukupima nikashika mkasi. Nikakata kama ulivyoagiza, nikaondoa akiba yote, na moyoni nikasema, haya, tuone.

Hilo sijawahi kukuambia.

Asubuhi ya harusi Mama alivuta zipu kwa mikono miwili, wewe umeshikilia kitanda.

"Vuta tumbo, mwanangu."

"Nimevuta, Mama! Limeisha la kuvutwa!"

Tulicheka sote watatu, na hiyo ndiyo iliyokuwa mara ya mwisho. Mama akakuvua gauni, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono. Akanitazama. "Mumbua, hata kidole hukumwachia?" Nikasema ulikataza mwenyewe. Nawe ukasema, polepole, "Wateja wote huwa unawadanganya. Mimi tu ndiye uliyenisikiliza?"

Mama alitoa vitambaa vyake viwili vyeupe vya makochi, vile alivyofuma kwa mkono, nikavishonea mbavuni. Ukaingia kanisani navyo, na mama mmoja wa benchi la nyuma akavitambua.

Sasa sikiliza hesabu, unajua siwezi kuiacha. Pengo nililipima asubuhi ileile: inchi mbili na nusu. Maana yake ulikuwa umepungua inchi moja na nusu, kwa miguu yako mwenyewe na kwa ile kabichi. Rudi kwenye akiba yangu: moja na robo, mara mbavu mbili. Mbili na nusu. Gauni lingekukaa, Dada. Ulikuwa umejitahidi vya kutosha, umefika pale nilipopaswa kukusubiri, na mimi sikuwepo.

Mtihani nilifanya. Hesabu nilipata B, Kiingereza D. Cheti nimekitundika kibandani juu ya cherehani, na D yake inaonekana mpaka barabarani. Wateja huniuliza mbona siifichi. Nawaambia ni yangu, niliitolea jasho. Lakini mwezi huu narudia Kiingereza, maana kuikubali hakujanifanya niipende. Ni wewe niliyetaka kukuonyesha kwanza. Ungecheka, na safari hii ningecheka nawe.

Kwa hiyo ukitaka kupungua, pungua. Sikukatazi, na sikuchochei. Ila siwezi tena kumshonea yule ambaye bado hajafika, nikamwacha aliyepo bila nguo. Nilikukosea. Na wewe ulinikosea kwa kile kicheko, nataka ulijue hilo pia.

Mama anatimiza miaka sitini, na ibada yake ya shukrani ni Jumapili ya mwisho ya mwezi huu. Nimenunua kitenge Eastleigh, cha kijani, sare yetu watatu. Juzi Mama alikikunjua kitandani, akakipima kwa mkono wake, akaniuliza kama kinatosha watu watatu. Nikamwambia kinatosha na kubaki. Amekiweka kabatini, kila nikifika anakitoa tena.

Jarida hili linatoka Jumapili. Jumamosi inayofuata nakata. Njoo kibandani nikupime, au nitumie namba kwa karatasi, lakini iwe ya leo, ya mtu aliyepumua. Akiba nitakuachia hata ukinikataza. Na jibu nalitaka kutoka kwako, si kwa shemeji, si kupitia kwa Mama. Nitasubiri mpaka Ijumaa saa kumi na moja jioni.

Nikate nguo mbili au tatu?

Mdogo wako,
Mumbua