Kifo Tulichokifukuza kwa Ng'ombe

Jumapili, jioni. Hapa Macalder ni joto na vumbi tangu asubuhi, na moyo wangu umekataa kutulia.

Jana tulimzika Ouma, rafiki wa kaka yangu Okoth. Walichimba dhahabu pamoja. Ukuta wa shimo ulimwangukia.

Leo wanaume walifanya tero buru, kukiondoa kifo bomani. Walichukua mikuki na marungu, wakaswaga ng'ombe mbio hadi uwandani, huku wakikitukana kifo kama mwizi aliyefumaniwa. Mama, Msabato wa kweli, alijifungia ndani akaomba. Mimi nilisimama langoni na, niseme ukweli, nilipiga kelele kuliko wote. Nilikuwa na hasira na nilitaka mtu wa kumkasirikia.

Nafundisha fasihi shule moja kule Uriri. Juzi tu niliwaambia wanafunzi kwamba kifo katika hadithi hupewa miguu, kikija kubisha hodi, na hakuna mhusika anayekihepa. Walilipenda sana somo hilo. Hata mimi nililipenda.

Kumbe Okoth, niliyemsimulia nilipofika nyumbani, naye amelishika.

Mchana, tukila ugali, aliniambia kesho anarudi shimoni. Shimo lile lile. Nikamuuliza kama wameweka magogo ya kuzuia ukuta. Akacheka.

"Nyaminwa, dada yangu, si tumekimbiza kifo leo na ng'ombe? Hiyo shimo sasa iko sawa. Na siku yangu ikifika, hata nikiwa kwa kitanda itanipata. Si ni wewe hufundisha hivyo?"

Nikamsogezea mboga tu. Dada mzima, mwalimu mzima.

Naogopa. Naona sasa kwa nini tunapenda kukipa kifo miguu. Kikiwa na miguu tunaweza kukifukuza, na kikitushinda mbio tunasema ndivyo ilivyoandikwa, tunarudi kazini. Lakini Ouma hakujiwa na mgeni yeyote. Aliuawa na ukuta usio na gogo hata moja, na kila aliyeshuka mle aliuona.

Tochi ya Okoth ya kichwani inachajiwa hapa mezani kwangu. Nimetamani kuichomoa. Ataazima nyingine tu.

Nimeiacha.

Kesho shule itanisamehe. Nitawatangulia wachimbaji, nikae mdomoni mwa shimo, miguu ikining'inia ndani. Sitainuka mpaka nione magogo. Kama Okoth anataka kushuka, anipite mimi kwanza.