Gari Ilikuja Tupu

Kirolirwe, siku ya ine

Na mimi njo nilishika ngazi!

Kila mwezi gari ya partenere, lile shirika lenye kutusaidia, inakuja hapa kituo ya afya imejaa dawa, inarudia tupu. Tulipatana hivyo: serikali inatoa nyumba na mimi muganga, wao wanatoa dawa na vyombo. Leo ilikuja tupu. Shofere akapakiza frigo ya chanjo, kisha akapanda ngazi kutoa antena ya radio, mimi nikiishika chini.

"Tunaenda kuitengeneza tu, kaka," akasema, bila kuniangalia.

Mama Furaha, muzalishaji wetu, alisimama ku mulango, hakusaidia.

"Ile radio ilikuwa inasema muzuri asubuhi. Kule Walikale partenere walianza vilevile kutoa antena, kisha sisi wote tukakimbia vita."

Nikamukaripia asiogopeshe wagonjwa.

Magaribi nilipita ku nyumba ya wamama wenye kungojea kuzaa. Walikuwa wane. Sikukuta hata mumoja. Mikeka hakuna, moto umemwangiwa maji. Dirisha yao inaangalia pale niliposhika ngazi.

Nikakimbia kumwita Mama Furaha. Mulango yake iko na kufuli.