Chumba Kipya cha Mama

Kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Machi 1997

Kaka Malith,

Hujambo huko uliko? Karani wa barua anatukataza kuandika siasa, kwa hiyo sigusi habari za serikali ya kwetu na waasi wanaotaka kupatana. Nakupa za nyumbani tu.

Majirani wamesikiliza redio, sasa wanauza vitanda. Mzee Gatwech ameng'oa mlango wake, anasema ataenda nao kwao. Mama peke yake ndiye anayekanda udongo, anajenga chumba kingine. Nikamwambia, "Mama, si tunarudi?" Akanijibu, "Rudini nyinyi. Mimi Malith atanitafuta wapi?"

Tangu uende vitani, hii ni barua ya tano. Kaka, hata amani ije, bila jibu lako mama haondoki.

Dada yako Adau,
palepale ulipotuacha.