Kimo cha Baba

Kwa kaka yangu Weldon,

Chamgei. Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na mama na nyumba yako yote. Mimi huku Uingereza ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Goti la mama linaendeleaje? Na ile mvua ya mawe niliyosikia imepiga upande wa Longisa, ilifika kwa majani chai yetu ama iliwapitia? Mwenzangu mmoja wa Londiani anarudi likizo wiki hii. Ameahidi kwamba akifika Kericho ataiweka barua hii kwa gari la Bomet mpaka ikufikie mkononi.

Najua unajiuliza kwa nini naandika karatasi na simu iko. Ni kwa sababu mara ya mwisho tulipoongea nilikukatia, na tangu siku hiyo tunasalimiana tu kupitia kwa mama. Ninayotaka kukwambia ni marefu. Nikikupigia, najua tutaanza kukatizana. Kwa hivyo keti, usome polepole. Ukimaliza, kama bado una hasira nami, utakuwa na haki yako.

Unamkumbuka yule mzee ninayemtunza, Harold. Amepita miaka themanini, na mkewe alishafariki. Mikono yake inatetemeka na miguu imekataa kumbeba. Asubuhi humwogesha, humvalisha, humpa dawa, humpikia uji wao huu wa shayiri. Zamani alikuwa anachora ramani za majengo, na tangu ujana wake amekuwa akiunda vyombo vidogo vya angani. Simaanishi vile vya kweli vilivyofika mwezini. Hivi ni vya kubuni, vya kwenda kwa sayari ambazo hakuna mtu amewahi kukanyaga. Vinauzwa vipande vipande ndani ya boksi. Unavikata, unavibandika kwa gundi, unavipaka rangi, halafu unavitengenezea mahali pake: mawe, vumbi, barabara, watu wadogo wakiwa kazini. Mwanzoni nilicheka moyoni nikasema, mzee mzima na vitu vya watoto. Siku hizi sicheki. Mikono yake iliposhindwa kabisa, mimi ndiye nilishika kisu na brashi, yeye akinielekeza kutoka kwa kiti chake.

Kazi hii ina sheria moja kubwa, nayo ni kipimo. Kila boksi limeandikwa vitu vyake vimepunguzwa mara ngapi. Kuna la mara sabini na mbili, kuna la arobaini na nane, kuna la thelathini na tano. Ukichanganya bila kuangalia, umeharibu. Siku zangu za kwanza nilitoa mtu kwa boksi moja nikamsimamisha mlangoni pa chombo cha boksi lingine. Kichwa chake kilipita juu ya mlango. Mzee akamtazama, akaniuliza, "Huyo ataingiaje nyumbani kwake?"

Akanieleza. Ukitengeneza ng'ombe au lori, kila mtu anajua ukubwa wake. Lakini chombo cha kubuni hakuna aliyekiona. Anayekitazama hawezi kujua kama kinatoshana na banda la kuku au na mlima, mpaka aone mlango, aone ngazi, na aone mtu amesimama kando. "Mtu ndiye kipimo," alisema. "Ukimkosea mtu, umekosea vyote."

Basi nikaendelea hivyo, nikajifunza, siku zikapita. Halafu baba akafariki.

Unajua kwa nini sikuja. Karatasi zangu za kuishi huku zilikuwa bado ofisini kwao, na kama ningetoka nisingeruhusiwa kurudi. Nilitazama mazishi kwa simu. Mtoto wa shangazi ndiye aliyeshika simu, na mtandao ulikuwa unakatika. Nilikuona mbele, umebeba jeneza begani, tai yako imepinda. Watu wote walikuwa wadogo kama kidole, jeneza kama boksi la kiberiti. Niliwatazama vile unavyotazama habari ya watu wengine. Sikulia, kaka. Ilipokwisha nilisimama nikampelekea Mzee Harold chakula chake cha mchana, na aliponiuliza kama niko sawa nikamwambia niko sawa. Nilikaa hivyo miezi. Kanisani watu walinipa pole, nikawa naitikia kama mtu anayepokea salamu za jirani.

Nadhani mzee aliniona. Siku moja aliniuliza kwetu kukoje. Nikamwambia ni vilima, na vilima vyote ni majani chai, kijani mpaka macho yachoke, na udongo ni mwekundu. Kisha akanituma nitoe juu ya kabati boksi moja kubwa alilokuwa ameliweka miaka mingi bila kulifungua. Ndani kulikuwa na chombo cha kubeba mizigo, cha kipimo cha arobaini na nane.

"Hiki kimeshuka kwenye sayari ya mbali," akasema. "Kimefuata nini huko?"

"Majani chai," nikamjibu.

Alicheka mpaka akakohoa. Basi tukaanza. Nilichana sponji vipande vidogo nikavipaka kijani, nikavipanga safu kwa safu. Nilisaga kipande cha tofali nikapata udongo wetu. Vilima vya nyuma tukavipandia michai midogo zaidi, na wachumaji wa kipimo cha sabini na mbili, ili jicho lidhani wako mbali. Kando ya barabara nikaweka kibanda cha kupimia majani. Chombo chenyewe kikashuka pale penye uwanja, kimefungua mlango wake wa nyuma, na akina mama wanapanga foleni na vikapu mgongoni kama siku yoyote ile.

Nikataka kumweka baba. Hakuna boksi linalouza baba, kwa hivyo nilimfinyanga mwenyewe kwa udongo unaokauka na hewa. Nilimvalisha lile koti lake la kijivu, kofia, na gambuti. Nilimfanya wa futi sita, maana ndivyo nilivyomjua. Mzee Harold akampima kwa rula, akaniuliza, "Una uhakika?"

"Ni baba yangu," nikamwambia.

"Najua. Lakini muulize aliye nyumbani."

Ndiyo nikakupigia. Nayaandika haya hapa ili ujue kwamba sijasahau hata neno.

Nilikuuliza, "Baba alikuwa futi sita, ama alizidi?"

Ukasema, "Futi tano na inchi tano."

"Hapana, Weldon. Baba alikuwa mrefu."

"Chepkirui, mimi ndiye nilimpima. Fundi wa jeneza alitaka urefu, nikashika tepu mwenyewe. Tano na tano."

"Basi ulipima vibaya."

"Sasa unabishana na tepu?"

Hapo ndipo nilisema lile neno. Nilisema wewe tangu zamani ulikuwa unataka kumpunguza baba. Halafu nikakata.

Sijui lilitoka wapi. Wewe hukuwahi kumpunguza mtu. Nilikaa na lile sanamu mkononi, na nikafanya hesabu. Kati ya futi sita na tano na tano, kwa kipimo kile, tofauti haifiki milimita nne. Ni kama unene wa punje ya mahindi. Kwa ajili ya unene wa punje ya mahindi nilikutukana, wewe uliyebaki.

Kesho yake nilimpigia mama. Sikumwambia tumegombana, ingawa nadhani alijua. Nilimuuliza kwa kuzunguka, kama baba alikuwa mrefu siku zile walipooana. Mama akacheka kidogo, kile kicheko chake cha puani.

"Mrefu wapi?" akasema. "Mlango wa jikoni yangu unaujua. Wewe mwenyewe unainama kuingia. Baba yenu miaka yote hakuwahi kuinama."

Mlango ule naujua, Weldon. Nimejigonga kichwa pale mara ngapi tangu nimalize shule? Na ni kweli, baba alikuwa akiingia wima na kikombe mkononi, anaketi kwa kile kigoda karibu na moto. Nilikuwa namwona kila siku akipita bila kuinama na sikuwahi kujiuliza. Mimi nilimpima nikiwa darasa la pili, nikiwa nimebebwa mabegani mwake kwenda kupeleka majani, na nikaondoka na kipimo hicho mpaka huku. Sikuwahi kukirekebisha.

Nilimfinyanga upya. Tano na tano. Alipokauka nikampaka rangi, nikamsimamisha katikati ya safu. Michai ilimfika juu ya mkanda. Yule wa kwanza alikuwa amesimama shambani kama mtu wa picha ya kalenda. Huyu alikuwa ni yeye. Alikuwa mzee mfupi wa koti refu, amesimama kwa majani yake anaangalia kama mvua itanyesha.

Nikalia hapo. Nililia kwa sauti, na Mzee Harold hakuniambia ninyamaze. Alinishika kiwiko kwa ule mkono wake unaotetemeka, akakaa hivyo mpaka nikamaliza. Kisha akasema atanipikia chai, akasahau kwamba hawezi kusimama, na ikabidi nikaipike mimi.

Kaka, tangu siku hiyo kuna jambo limenikaa moyoni. Mzee huyu najua uzito wake kila wiki. Najua upande gani wa mgongo unamuuma, najua sabuni inayomwasha, najua namna ya kumgeuza kitandani asipate vidonda. Ni kazi yangu na naifanya vizuri. Lakini baba yangu mwenyewe sikujua urefu wake. Baada ya ule ugonjwa wa kupooza, wewe ndiye ulimgeuza. Ulimnyoa, ulimpeleka hospitali Longisa na kumrudisha, ukaacha majani yakapita siku yake ya kuchumwa kwa sababu alitaka uketi naye. Mimi nilikuwa nauliza kwa simu, "Baba anaendeleaje?" na unasema, "Anaendelea vizuri," ili nisije nikaharibu kazi. Ulinificha mzigo ili nisiubebe, nami nikadhani hakukuwa na mzigo.

Na mwisho ukashika tepu ukampima. Siwezi kuwaza jinsi mkono wako ulivyokuwa wakati ule. Nisamehe. Nisamehe kwa lile neno, na kwa kukuacha peke yako na mambo yote yaliyotangulia lile neno.

Kazi yetu tuliipeleka kwa maonyesho madogo ya wanaotengeneza vitu hivi, kwa ukumbi wa kanisa moja hapa mjini. Watu walikuwa wanainama kuangalia foleni ya akina mama, na wengi walisema hawajawahi kuona sayari yenye shamba. Mwanamume mmoja alimnyooshea kidole baba, akauliza huyo ni nani, ni rubani ama ni mlinzi wa chombo.

Mzee Harold akamjibu kabla sijafungua mdomo. "Huyo ndiye mwenye shamba," akasema. "Rubani anasubiri ruhusa yake."

Karatasi zangu zimetoka. Naja mwezi wa nane, kwa wiki tatu. Msinichinjie chochote na msiite watu. Nataka kwanza unipeleke kaburini, mimi na wewe tu, kabla sijaingia nyumbani. Nataka uniambie ilivyokuwa tangu siku alipoanguka mpaka mwisho, usinifiche kitu.

Na kuna jambo moja naomba ulifanye kabla sijafika. Kando ya baba, kwa safu ileile, nimeacha nafasi. Nataka kukuweka wewe. Nilitaka kukisia, nikaogopa. Simama wima ukutani ujipime, lakini tepu asome mtu mwingine, kwa sababu nakujua, utajipunguzia.

Mpe mama salamu zangu, umwambie lile goti alifunge leso ya joto asubuhi. Msalimie wifi yangu, mwambie namshukuru kwa kila sufuria ya uji aliyompikia baba. Shangazi wa Fort Ternan msalimie, pamoja na mtoto wake aliyeshika simu siku ile. Mwambie mkono wake haukutetemeka. Msalimie na jirani yetu fundi aliyetengeneza jeneza. Alifanya kazi nzuri, hata kwa simu niliiona.

Ni mimi dada yako mdogo, ninayekuheshimu,
Chepkirui